Choo kigumu uzeeni: kabla ya kununua haluli

Mzee akikaa siku nne bila kwenda haja kubwa, nyumbani hutumwa mtu dukani: alete chumvi ya haluli, sanamaki au mafuta ya mbarika. Usiku tumbo linachafuka, alfajiri choo kinatoka chote, na nyumba nzima inapumua. Siku nne nyingine zikipita, hali ni ile ile. Haluli imetoa kilichokuwamo, lakini haikugusa kilichokifanya kiwe kigumu. Kwa wazee wengi chanzo kiko palepale nyumbani, kwenye sahani, kwenye kikombe, kwenye mfuko wa dawa na chooni kwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kutopata choo kila siku si ugonjwa. Wapo wanaokwenda mara 3 kwa siku, wapo wanaokwenda mara 3 kwa wiki, na wote ni wazima. Mtu amefunga choo pale anapokwenda chini ya mara 3 kwa wiki, au anapojikamua kupita kiasi, au choo kinapotoka vipande vikavu kama vya mbuzi, au akitoka chooni bado anahisi hakijaisha. Jambo la kutazama zaidi ni mabadiliko. Mzee aliyekuwa akienda kila asubuhi kwa miaka arobaini, sasa anakwenda Jumatatu na Ijumaa tu, ana jambo la kuchunguzwa.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5, na kazi yake kubwa ni kuvuta maji. Kila siku hupokea mabaki ya chakula yenye majimaji ya lita 1 hadi 1.5, ukarudisha karibu maji yote mwilini. Mabaki hayo yakichelewa humo, maji huendelea kuvutwa na choo hukauka. Uzeeni mwendo wa utumbo unaweza kupungua, misuli ya tumbo na nyonga hulegea, na kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayouendesha utumbo. Hata hivyo, umri peke yake haumfungi mtu choo. Karibu kila mara kuna kitu kingine kilichoongezeka juu yake, na hicho ndicho kinachorekebishika.

Sahani na meno

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 1972 vipimo ambavyo bado vinafundisha. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Tofauti kubwa ilikuwa nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Leo wazee wetu wengi wa mjini wanakula kama mabaharia wale: mkate mweupe na chai asubuhi, wali mweupe na mchuzi mchana, ugali wa sembe usiku.

Mara nyingi si kwa kupenda. Meno yameng'oka, au ya bandia yanabana. Mzee anaanza kuacha maharage, halafu mahindi ya kuchemsha, halafu mboga zenye vikonyo, halafu matunda magumu, bila kumwambia mtu. Anabaki na mkate wa kuchovya kwenye chai. Kwa hiyo kabla ya kubadili chakula, mtazame anavyotafuna. Kama anabakiza sahani au anameza bila kutafuna, msaada wa kwanza ni daktari wa meno, na jikoni ni kuponda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Hesabu yake haihitaji mizani. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva yana karibu gramu 6. Nusu ya parachichi la wastani, karibu 6. Kipande kikubwa cha papai, kama 3. Kikombe cha mchicha au matembele yaliyopikwa, 3 au 4. Ugali wa dona wa sahani moja unafika 8 na zaidi, na ndiyo maana kubadili sembe kwa dona ni hatua moja inayofanya kazi ya hatua tatu. Ukijumlisha umevuka 25. Vipande viwili vya mkate mweupe na sahani ya wali mweupe, kwa pamoja, havifiki hata 5.

Kwa asiye na meno, maharage yapondwe hadi yawe rojo, mboga ikatwe ndogo kabisa kabla ya kupikwa, na mlenda au bamia ziwepo mara kwa mara. Ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazoshika maji, na humezeka bila shida. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ubuyu kwenye uji uliopoa kidogo nacho kinasaidia. Ni ule unga mweupe mtupu unaotoka kwenye kokwa, si ubuyu wa rangi uliopikwa kwa sukari.

Wengi wanaharibu hapa kwa haraka. Mzee aliyekula sembe miaka kumi, ukimpa sahani mbili za maharage kwa siku moja, tumbo litajaa gesi na hatayagusa tena. Wiki ya kwanza mpe vijiko 3 vya maharage kwa siku, wiki ya pili vijiko 5, na uende hivyo kwa wiki tatu au nne. Maharage yalowekwe saa 8 hadi 12, yale maji yamwagwe, yasuuzwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji yale. Choroko huiva haraka, na wengi huziona nyepesi tumboni kuliko maharage mekundu, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana ndio wanaokula nyuzinyuzi hizi, na katika kuzila hutengeneza asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula chao. Mwaka 2025 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Waliohamishwa kutoka vyakula vya asili kwenda vyakula vya kimagharibi kwa wiki 2 walionyesha kwenye damu dalili zaidi za inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuchachamaa kama inapigana na ugonjwa, na waliohamishwa upande wa pili walionyesha kupungua kwa dalili hizo. Hawakuwa wazee, kwa hiyo tusiseme zaidi ya walichopima. Lakini wiki 2 ni muda mfupi sana kwa mwili kujibu namna hiyo.

Mtindi nao una nafasi yake, hasa kwa mzee ambaye maziwa mabichi au ya moto humjaza gesi na kumharisha. Bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayomsumbua. Ukigandisha nyumbani, chemsha maziwa kwanza hadi yatokote, kwa sababu maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na vya kifua kikuu. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, weka vijiko 2 vya mtindi mzuri kwa kila lita, koroga, funika. Pwani yataganda ndani ya saa 8 hadi 12. Sehemu za baridi kama Mbeya au Lushoto, acha siku nzima.

Kikombe

Nyuzinyuzi bila maji huwa kama pamba kavu. Hili ndilo kosa linalowapata wanaonunua pumba za ngano, wakala vijiko vinne kwa siku, huku wakinywa glasi tatu za maji. Tumbo linajaa na choo kinakuwa kigumu kuliko mwanzo.

Uzeeni kiu hupungua hata mwili ukiwa umepungukiwa maji, kwa hiyo "sisikii kiu" si jibu la kutegemea. Wengine hujinyima makusudi kwa kuogopa kuamka usiku kukojoa. Njia inayofaa ni chupa ya lita 1.5 inayojazwa asubuhi na kuwekwa pale mzee anapoketi, si jikoni. Ifikapo saa sita mchana iwe nusu, na saa kumi na moja jioni iwe imekwisha. Baada ya hapo anywe kidogo tu. Uji, supu na chai isiyokolea vinahesabika pia. Mwenye moyo au figo zilizoshindwa, ambaye daktari wake amempimia maji, afuate kipimo hicho, asiongeze kwa sababu ya makala haya.

Mfuko wa dawa

Weka vidonge vyote vya mzee mezani, pamoja na vile vya kununua bila cheti. Vidonge vya madini chuma hukausha choo na kukifanya cheusi. Amlodipini na nifedipini za presha zinaweza kufunga choo. Kodeini na tramado za maumivu hufunga karibu kila anayezitumia kwa muda. Zimo pia amitriptilini ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, na dawa za kiungulia zenye alumini. Dawa za kukojoza hutoa maji ambayo choo kingeyahitaji. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Zipeleke zote kliniki na uulize ipi inaweza kubadilishwa au kupunguzwa.

Kuna na tabia ya kumeza metronidazo kila tumbo linapojaa, kwa kudhani ni amiba. Dawa hiyo huua pia bakteria wanaotusaidia, na gesi ya mzee mara nyingi haina amiba ndani yake. Pima choo kwanza.

Chooni

Utumbo mpana huamka baada ya kula, na zaidi baada ya kifungua kinywa. Mzee aende chooni dakika 15 hadi 30 baada ya uji, kila siku saa ile ile, hata kama hajasikia haja. Akae si zaidi ya dakika 10. Akisikia haja wakati mwingine wowote, aende palepale, maana haja iliyobanwa hurudi ndani na kuendelea kukauka.

Kwenye choo cha kukaa, weka kibao cha kimo cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, magoti yapande juu kuliko nyonga, ainame mbele viwiko vikiwa juu ya mapaja, na apumue kwa mdomo wazi. Kujikamua kwa kuziba pumzi huleta bawasiri, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha kunaweza kumwangusha. Kwenye choo cha shimo shida huwa magoti. Nguzo imara ya kushika ukutani, au kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, husaidia kuliko dawa nyingi. Ulizeni pia kama anaogopa njia ya kwenda chooni usiku. Wazee wengi hubana haja kwa sababu ya giza na utelezi, na hawasemi. Kutembea dakika 20 kila siku, hata kuzunguka uwanja wa nyumba, huusukuma utumbo.

Haya yakifuatwa wiki tatu au nne bila mafanikio, dawa ina nafasi yake. Laktulozi, dawa ya maji yenye utamu, huvuta maji ndani ya choo na inaweza kuchukua hadi siku 2 kufanya kazi, kwa hiyo asiongezewe dozi kwa kukosa subira. Sanamaki na bisakodili hufanya kazi kwa usiku mmoja na zinafaa kwa muda mfupi. Chumvi ya haluli ni magineziamu, na kwa figo zilizochoka hurundikana kwenye damu na kuvuruga moyo. Mzee mwenye kisukari au presha ya muda mrefu asipewe kabla ya kupimwa figo. Kupigwa bomba kwa maji ya sabuni au mitishamba huunguza ukuta wa utumbo. Hilo tuliache kabisa.

Mzee anayeharisha ilhali amefunga

Mzee hajapata choo siku saba au nane, hasa anayelala kitandani, kisha anaanza kuchafua nguo kwa majimaji kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Familia inampa dawa ya kuzuia kuhara. Kinachotokea ndani ni kwamba donge gumu limeziba njia, na majimaji ya juu yake yanapita pembeni. Dawa ya kuhara inakaza donge hilo zaidi. Hapo hata maharage na pumba zingoje, kwa sababu kitaongezeka kitu nyuma ya kizibo. Apelekwe kituo cha afya wamkague na kulitoa, halafu mpango wa chakula uanze.

Siku hiyo hiyo apelekwe pia akiwa na tumbo lililovimba na kutapika, au ameshindwa hata kutoa hewa, au choo ni cheusi kinachonata kama lami na hatumii madini chuma. Damu kwenye choo isiitwe bawasiri kabla ya kuonwa na daktari. Kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yanayozidi wiki chache kwa mtu aliyevuka miaka 50 yanahitaji uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, ambayo ikikutwa mapema hutibika.

Mnapokwenda kliniki, chukueni karatasi yenye kumbukumbu za wiki mbili: siku alizopata choo, kilikuwa vipande, kigumu au laini, kama kulikuwa na damu, alikunywa glasi ngapi, na mfuko mzima wa dawa.