Kuingiza au kusasisha kwa amri moja: somo kutoka mnada wa samaki Bagamoyo

Ninatunza kanzidata ya kikundi cha wachuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Kila chombo kinachofika pwani alfajiri huandikiwa tarehe, jina la chombo, aina ya samaki na kilo zilizopimwa kabla ya mnada kuanza. Karani huandika kwa simu akiwa kando ya mzani, na simu hutuma taarifa kwenye seva pale mtandao unaporuhusu.

Asubuhi moja nahodha wa mashua alikuta ameandikiwa nguru kilo 42 mara mbili, na mnunuzi akagoma kulipa mpaka hesabu inyooke. Mzani ulikuwa umepima mara moja tu. Karani aliona simu inazunguka bila kupata jibu, akabonyeza tena kitufe cha kutuma.

Kosa halikuwa la karani, lilikuwa la programu niliyoiandika. Kwanza iliuliza kwa SELECT kama mstari huo umo kwenye jedwali. Ukiwemo iliusasisha kwa UPDATE, usipokuwemo iliuingiza kwa INSERT. Mantiki hiyo ni sahihi pale mtu mmoja tu anapoandika. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, la kwanza huuliza na kuambiwa hakuna kitu, na kabla halijaandika, la pili nalo huuliza na kupata jibu lile lile. Kisha yote mawili huingiza. Kuifunga kazi hiyo ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa zote kwa pamoja au kukataliwa zote, hakutoshi, kwa sababu katika kiwango cha kawaida cha PostgreSQL, mfumo wa kanzidata ninaoutumia, muamala mmoja hauoni kile ambacho mwingine haujakithibitisha.

Dawa yake ni kuiachia kanzidata yenyewe itazame na kuandika kwa tendo moja. PostgreSQL ina amri hiyo tangu toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016:

INSERT INTO mapokezi (tarehe, chombo, aina, kilo)
VALUES ('2024-03-09', 'Mkunguni', 'nguru', 42)
ON CONFLICT (tarehe, chombo, aina)
DO UPDATE SET kilo = EXCLUDED.kilo;

EXCLUDED ni mstari uliotaka kuingia ukakuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. SQLite, mfumo mwingine wa kanzidata, ilipokea mtindo huo huo katika toleo la 3.24 mwaka 2018. MySQL, nao mfumo wa aina hiyo, hutumia ON DUPLICATE KEY UPDATE, ambayo hairuhusu kutaja ni ufunguo upi unaohusika, kwa hiyo jedwali lenye funguo za pekee (safu ambazo thamani zake haziruhusiwi kujirudia) mbili au zaidi linaweza kusasisha mstari ambao hukuukusudia.

Amri hii haifanyi kazi bila ufunguo wa pekee uliotangazwa juu ya safu hizo, na nilipojaribu kuutangaza, PostgreSQL ilikataa kwa sababu marudio ya zamani yalikuwa bado yamo. Ilinibidi kwanza niyapitie pamoja na karani, daftari lake mkononi, tukifuta moja moja. Jambo lingine lililonitoa jasho ni vyombo visivyo na jina, ambavyo safu yake iliachwa tupu. Kwa kawaida PostgreSQL huihesabu NULL (alama ya nafasi tupu) moja kuwa tofauti na NULL nyingine, hivyo marudio yalipita bila kuzuiwa, mpaka nilipoilazimisha kila safu ya ufunguo kuwa NOT NULL, yaani isiruhusiwe kuachwa tupu.

Ninawasihi wanaotumia REPLACE ya MySQL waitazame kwa makini. Jina lake linavutia, lakini haisasishi: inafuta mstari wa zamani na kuingiza mpya. Safu usiyoitaja hupewa thamani chaguo-msingi ya jedwali, si ile iliyokuwemo, na ikiwa jedwali la malipo limefungwa kwenye mstari huo kwa ON DELETE CASCADE, malipo yanafutwa pamoja nao. MERGE, amri ya kulinganisha jedwali moja na jingine kisha kuingiza, kusasisha au kufuta, ambayo PostgreSQL iliipata katika toleo la 15 mwaka 2022, ninaitumia kuoanisha majedwali mwisho wa mwezi, wala siitumii kwa maombi ya simu, kwani yakigongana bado inaweza kurudisha kosa la ufunguo.

Kisha likaja swali la chombo kimoja kupimiwa nguru mara mbili, tenga la kwanza na tenga la pili. Fikra ya haraka ni kujumlisha, yaani kilo = mapokezi.kilo + EXCLUDED.kilo, lakini hapo kila taarifa inayotumwa upya huongeza samaki ambao hawakuvuliwa, na tunarudi kwenye zile kilo 42 mara mbili. Nimeona ni bora kuongeza safu ya pimo ndani ya ufunguo, ili kila tenga liwe na mstari wake na jumla ipatikane wakati wa kusoma. Karani akirekebisha kipimo, programu huongeza namba ya toleo, na mwishoni mwa amri nimeweka WHERE mapokezi.toleo < EXCLUDED.toleo, ili taarifa ya zamani iliyokwama njiani isije ikafuta marekebisho yaliyotangulia kufika. Sikutumia saa ya simu kwa kazi hiyo, maana saa za simu hupishana, na dakika tano za tofauti zinatosha kurudisha kilo zisizo sahihi.