Manjano, mkonge na ile stori ya "dawa asili haina kemikali"

Mama mkubwa wangu magoti yanamvimba, kila nikienda kwake nakuta glasi ya maziwa ya manjano pembeni ya kiti, kijiko kishageuka rangi. Anakwambia "mwanangu hii haina kemikali, sio kama madawa yenu ya hospitali". Namheshimu ila hapo nabisha.

Kwanza hayo madawa ya hospitali mengi yametoka porini huko huko. Aspirini chanzo chake ni gome la mti wa willow, 1763 mchungaji mmoja Uingereza, Edward Stone, aliandika kwamba kawapa watu wenye homa unga wa gome hilo wakapata nafuu. Asidi iliyokuja kupatikana baadaye ilituliza maumivu kweli lakini ikawa inachoma tumbo balaa, mpaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya dawa ya Bayer akaibadilisha kidogo ndo tukapata aspirini. Na watu wa Tanga sijui kama mnajua hii: korona, ile mashine ya mkonge, ikishakwangua jani, singa (nyuzi) inayobaki ni kama asilimia 4 tu, kwingine kote ni yale maji ya kijani yanayonuka. Humo mna kitu kinaitwa hekojenini, na miaka ya 1950 kampuni ya dawa ya Glaxo ya Uingereza walikuwa wanakitoa kwenye mkonge wa Afrika Mashariki na kukitumia kutengeneza kortizoni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe. Uchafu wa korona huo!

Eti cha asili hakidhuru? Kolchisini, dawa ya gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma), inatoka kwenye ua, dozi yake ni chini ya miligramu 2 kwa siku, ukizidisha unaanza kuhara na kutapika na unaweza kufa, na hakuna dawa ya kuizimua. Hata manjano yenyewe, 2019 Italia walipata wagonjwa kadhaa walioumia ini baada ya kumeza vidonge vyake. Vidonge lakini, sio pilau.

Halafu hii ya "wazungu wamethibitisha manjano yanashusha uvimbe". Kwenye sahani ya maabara, ndio, ila mwilini ni habari nyingine. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, kukumini, ile kemikali inayosifiwa kwenye manjano, humo ni asilimia 3 hivi, yaani miligramu 90, na kuna majaribio watu walipewa gramu 8 kwa siku ikaonekana kidogo mno kwenye damu. Utumbo hauichukui vizuri, na ile kidogo inayopita ini linaivunja fasta. Pilipili manga inasaidia ipite zaidi, sawa, ila inafanya hivyo kwa kulizuia ini, na ini hilo hilo ndo linatakiwa lishughulikie vidonge vingine unavyokunywa. Majaribio madogo ya magoti yameonyesha nafuu kiasi, siwezi kukataa, lakini kutoka hapo mpaka iwe dawa bado safari ndefu.

Mimi glasi ya mama mkubwa hainipi presha. Kinachonitisha ni ule unga wa chupa isiyo na lebo aliouziwa stendi, usiku mmoja tu maumivu yote kwisha. Unga wa namna hiyo ukipimwa mara nyingine unakutwa umechanganywa deksamethazoni, steroidi ya hospitali hiyo hiyo anayoikimbia, tena bila kipimo, na steroidi zikizidi hujaza uso. Nikamuuliza mbona uso umejaa hivi siku hizi, akacheka, "nimenenepa mwanangu, dawa imenikubali".