Mwalimu wa pili haongezi chumba
Tumezoea kusikia kwamba dawa ya darasa lililofurika ni kuajiri walimu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Chukua shule yenye watoto 90 wa darasa la kwanza, walimu 2 na chumba 1. Kwenye takwimu kila mwalimu ana watoto 45, na wakubwa wanaridhika. Chumbani wamo wote 90, watatu watatu kwenye dawati la wawili, wa nyuma wakiandikia mapajani, huku mwalimu wa pili akisubiri zamu yake nje. Kinachokosekana ni kuta. Mishahara kwa kawaida hutoka fungu la matumizi ya kawaida. Madarasa na vyoo hutegemea fungu la maendeleo, ambalo mara nyingi ndilo hukatwa kwanza bajeti ikibana.