Estonia: Ofisi ya Mkoa Haipo, Msiitafute

Kila Desemba simu hazikatiki hapa ofisini kwetu halmashauri, maana halmashauri zote zinawahimiza watu wasajili makazi kabla mwaka haujaisha, na nusu ya wanaopiga wanauliza swali lilelile, eti ofisi ya mkoa iko wapi. Haipo jamani. Serikali za mikoa zilifutwa tarehe 1 Januari 2018, mkuu wa mkoa naye akaondoka nazo. Mikoa 15, yaani maakond, bado iko kwenye ramani na kwenye takwimu, ila huko hupeleki fomu.

Unachotafuta wewe ni halmashauri. Mpaka 2017 zilikuwa 213, nyingine zina watu mia kadhaa tu, zikaunganishwa kwa kigezo cha watu 5,000 zikabaki 79, kati ya hizo za mji (linn) 15 na za vijijini (vald) 64. Visiwa kama Ruhnu na Kihnu viliachwa vijitegemee, nadhani sababu inaeleweka.

Sasa hapa ndo wengi wanapochemka. Mji wa Tartu (linn) na Tartu vald, ya vijijini, ni halmashauri mbili tofauti. Juzi kijana kaja na mkataba wa nyumba ya Kõrveküla, anasisitiza yeye ni wa mjini kwa sababu basi la kwenda katikati ni dakika chache tu. Ndugu yangu, Kõrveküla ndo makao makuu ya Tartu vald! Na wa Ilmatsalu, penye mashamba kabisa, huyo ni wa mjini, kwa sababu Tähtvere, vald iliyokuwa na Ilmatsalu ndani yake, iliunganishwa na Tartu mji 2017. Kwahiyo usiangalie ghorofa wala ng'ombe, soma anwani kama ilivyo kwenye rejista ya wakazi. Tallinn, mji mkuu, nayo ina wilaya 8 lakini halmashauri ni moja.

Kujisajili kwenyewe, unajaza taarifa ya makazi (elukohateade), unaambatanisha mkataba wa pango au ridhaa ya mwenye nyumba, kama nyumba ni yako mkataba hauhitajiki. Unatuma mtandaoni au unaleta mwenyewe, ikiwa na sahihi, narudia, SAHIHI, tunarudisha fomu nyingi kwa hilo tu. Ukihama unajaza upya. Ukiandika anwani ya rafiki usikokaa ni taarifa ya uongo, kuna faini, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuomba uondolewe, halafu rejista inabaki na jina la halmashauri tu bila mtaa wala namba ya nyumba.

Na kwa wanaouliza kama tunataka anwani zao ili tuwachunguze, hapana, anwani ina kazi nyingine. Sehemu ya kodi ya mapato yako inaenda kwenye halmashauri uliyosajiliwa mwaka unapoanza, nafasi ya mtoto chekechea unaiombea hukohuko, na ukiwa na haki ya kupiga kura za mitaa unapiga huko. Wakazi waliosajiliwa Tallinn wanapanda basi la mji bure tangu 2013, ila kadi ya usafiri lazima iwe na jina lako na uigongeshe kwenye mashine kila ukipanda, hata kama hulipi.