Kigegezi cha asubuhi baada ya kupunguzwa tumbo

Huku kwetu Mombasa mwanamke akiamka na kigegezi, jirani hangoji daktari: hiyo ni mimba. Halati yangu alipasuliwa akapunguzwa tumbo ili uzito ushuke, akiwa na miaka 52, na kwa wiki kadhaa alikuwa akijifungia chooni alfajiri, bomba akalifungulia ili sauti ya maji imfunike. "Nisemwe na umri huu?"

Kigegezi, au kichefuchefu kama wengi wanavyokiita, ni ile hali ya moyo kuchafuka: mate yanajaa kinywani, koo lataka kurudisha, na pengine kisitoke kitu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito ni jambo la kawaida, hasa wiki za mwanzo, na lina sababu zinazoeleweka.

Tazama kwanza tumbo lililobaki. Katika upasuaji wa kulikata tumbo kwa urefu, huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80, kikabaki kitu mfano wa ndizi nyembamba. Katika ule wa kuugeuza mkondo wa utumbo, kifuko kinachoachwa juu hupokea kama mililita 30 hapo mwanzoni. Kile kikombe kisicho mkono cha muuza kahawa chungu, anayepita na dele lake jioni, kinatosha kukifurisha kifuko hicho.

Sasa lala usiku mzima. Mate na makamasi ya kooni yanamezwa usingizini, tumbo nalo linatoa ute wake kama zamani, na vyote vinakusanyika mahali palipokuwa chumba pakawa kishubaka. Juu ya hayo umepitisha saa 7 au 8 bila tone la maji, pengine ni msimu wa kaskazi, feni yazunguka na mto umeloa jasho. Ukame wa mwili peke yake huleta kichefuchefu. Mtu huamka na kiu, akabugia glasi nzima kama alivyozoea, maji yakakutana na ule ute, yote yakarudi juu yakiwa povu jeupe. Halati akidhani ni nyongo. Haikuwa nyongo. Ilikuwa haraka.

Ubaya ni kwamba jambo hili hujilisha lenyewe: moyo ukichafuka hunywi, usipokunywa moyo unazidi kuchafuka. Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, maji hayatoshi.

Kilichomsaidia halati ni kile kikombe cha kahawa chenyewe. Madaktari wengi hulenga lita 1.5 ya vinywaji kwa siku, na ukisikia lita utaona mlima. Lakini ukiamka saa 11 alfajiri na kulala saa 2 usiku, hizo ni saa 15. Mililita 100 kila saa, yaani vikombe viwili hivi vidogo, lita na nusu imetimia. Alikaa kitako kwanza, hakuinuka ghafla. Akaanza na maji ya uvuguvugu, maana huulegeza ule ute kuliko maji ya friji, au tangawizi iliyochemshwa bila sukari, kidogo kidogo, funda moja halafu mazungumzo. Chakula kilingoja nusu saa, na alipokula hakunywa. Mahamri na mbaazi? Hayo yalisubiri miezi, naye aliyalilia kuliko alivyolilia kidonda.

Vidonge navyo vina lawama yao. Vitamini, na madini ya chuma hasa, vikimezwa tumbo likiwa tupu huchafua moyo hata wa mtu asiyepasuliwa. Muulize daktari kama waweza kuvihamishia baada ya chakula, ila chuma usikimeze pamoja na chai wala na kalsiamu. Pia kuna asidi inayopanda usiku, ambayo huwasumbua zaidi waliokatwa tumbo kwa urefu. Pilau ya harusini saa 4 usiku kisha kujilaza ndiyo njia ya kuialika. Inueni kichwa cha kitanda.

Kichefuchefu kinachokuja dakika 10 hadi 30 baada ya kitu kitamu, pamoja na jasho na moyo kwenda mbio, ni kingine: sukari uliyokula au kunywa imeingia kwa kasi kwenye utumbo mdogo. Hicho huwapata zaidi waliogeuziwa mkondo wa utumbo. Glasi ya juisi ya miwa yatosha kukileta.

Na wale majirani wasidharauliwe kabisa. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na waliogeuziwa utumbo huenda vidonge vya kupanga uzazi visiwafae vizuri. Madaktari hushauri kungoja kama miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba, kwa hiyo kwa aliye katika umri wa kuzaa kipimo cha mkojo hakina aibu.

Kutapika kila kitu siku nzima, hata maji, si kigegezi tena. Pengine njia imebana, au pana kidonda, ambacho dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac huweza kukisababisha. Ukiona damu, homa, maumivu makali ya tumbo au mapigo ya moyo yaendayo mbio hata umekaa, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kutapika kukiendelea siku kadhaa, akiba ya vitamini B1 huisha, kwani mwili huiweka ya wiki chache tu: miguu yaingia ganzi, mwendo wayumba, macho yaona vitu viwili viwili, akili yachanganyika.

Hapo zahanati ya mtaani hukimbilia dripu ya glukosi. Kabla haijafunguliwa, mgonjwa au aliyemleta aseme wazi: "Huyu alipunguzwa tumbo, na ametapika siku kadhaa." Glukosi ikitangulia B1 yaweza kuuharibu ubongo, kwa hiyo B1 ndiyo ya kuchomwa kwanza, na mhudumu asiyejua habari ya upasuaji hana sababu ya kuikumbuka.