Mcheduara ni nini, na pipa lako linaingia lita ngapi?

Mcheduara ndo ile wengi tunaita silinda, yani umbo lenye duara chini na duara lingine saizi ileile juu, ubavuni limenyooka. Pipa, sufuria, kopo la maziwa, zote hizo ni mcheduara, ila ndoo hapana maana ndoo nyingi mdomo ni mpana kuliko kitako.

Ujazo wake chukulia kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti. Unatafuta eneo la chapati moja, afu unazidisha na urefu wa rundo. Eneo la duara ni pai (3.14) mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo tena, ukizidisha na kimo umemaliza.

Sasa kupima kipenyo cha pipa kwa rula ni taabu, kati kati huioni, we chukua futi ya fundi cherehani zungusha tumboni. Tuseme umepata sm 179, gawa kwa 3.14 unapata kipenyo kama sm 57, nusu yake 28.5. Kimo sm 85. Haya, 28.5 × 28.5 × 3.14 × 85 inakuja kama sentimita za ujazo 216,800, gawa kwa 1000 ni karibu lita 217, na ndo hilohilo pipa tunaloita la lita 200, maana halijazwi mpaka pomoni. Bati ni jembamba so kupima nje haidhuru, ila kama ni karo la zege pima kwa ndani, ukuta unakula nafasi kweli.

Wengi wanachemka kwenye kusahau kugawa kipenyo kwa mbili. Pipa lile lile litakupa lita 867, mara nne nzima! Ni kwa sababu upana unazidishwa mara mbili, kimo mara moja tu. Ndo maana sufuria ya kipenyo sm 30 na kimo sm 10 inaingia lita 7 na kidogo, wakati ile ndefu ya sm 20 kwa 20 inaishia 6.3, macho yanakwambia ndefu ndo kubwa kumbe wapi.

Na unaweza kurudi nyuma pia. Unataka tangi la lita 1000 na nafasi uliyonayo ni kipenyo mita 1? Lita 1000 ndo mita 1 ya ujazo, gawa kwa eneo la kitako (0.5 × 0.5 × 3.14 = 0.785), kimo kinatoka kama mita 1.27.