Chai ya mreteni, mkojo unaochoma na kichocho: maswali ya watu wa Mwanza

Tunda kavu la mreteni limeanza kuulizwa kwenye maduka ya dawa hapa Mwanza, hasa na watu walioambiwa kwamba "linasafisha figo". Haya ndiyo maswali yanayojirudia.

Mreteni ni mti gani, na je, unaota kwetu?

Mreteni wa kawaida, ambao wataalamu huuita Juniperus communis, ni mti wa nchi za baridi: Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika ya Kaskazini. Ni kichaka chenye majani ya ncha kali kama sindano. Tunda lake kwa hakika ni koni yenye nyama, saizi ya punje ya njegere, nalo hukaa mtini miaka miwili hata mitatu likitoka kijani kuelekea buluu-nyeusi. Hapa ziwani haupo. Ndugu yake wa Tanzania ni mtarakwa, ambao wengine huuita mwerezi, wa milima kama Kilimanjaro, Meru na Usambara. Huo unajulikana zaidi kwa nguzo na penseli.

Uani kwetu kuna mti wa pambo unaofanana nao. Nichume?

Hapana, usichume. Katika ukoo huu kuna mreteni mmoja, Juniperus sabina, wenye sumu kali, na kwa macho tu mtu asiyeuzoea hawezi kuutofautisha. Ukinunua, nunua pakiti yenye jina kamili la mmea, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji. Unga wa kufungiwa kwenye karatasi sokoni uache.

Unatibu nini hasa?

Mambo mawili tu yanaweza kusemwa bila kutia chumvi. Unaongeza mkojo, na unapunguza gesi na kujaa kwa tumbo baada ya kula. Kazi hiyo hufanywa na mafuta yanayonukia ndani ya tunda, yenye alfa-pinini kwa wingi, pamoja na kiasi kidogo cha terpineni-4-oli, ambayo ndiyo inayodhaniwa kuchochea figo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inautambua mreteni kwa matumizi hayo mawili, lakini inaeleza wazi kwamba msingi wake ni mazoea ya miaka mingi, si majaribio makubwa kwa wagonjwa. Mengine unayosikia, kama kushusha sukari, yalionekana kwa panya wa maabara. Panya si shangazi yako mwenye kisukari.

Na hilo la "kusafisha figo"? Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kila siku, zikarudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Hazingojei chai ya mtu.

Mkojo unanichoma na nakojoa kila mara. Ninywe chai hii?

Hapa ndipo penye tatizo, hasa kwa sisi tunaoishi kanda ya ziwa.

Chai itakufanya ukojoe zaidi, na huenda ukahisi nafuu kidogo, lakini haiui bakteria waliokwisha kukaa kwenye kibofu. Wakipanda hadi kwenye figo utaona homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni na kutapika. Hapo huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa chai.

Kisha kuna kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi mtu akiwa majini. Kichocho cha mkojo kiko zaidi bara, kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, upande wa Misungwi na Kwimba kwa mfano. Dalili yake ni damu, mara nyingi matone ya mwisho ya mkojo yakiwa mekundu, na bila matibabu kinaweza kuharibu kibofu hadi kuleta saratani. Kwenye mwambao wa ziwa lenyewe na visiwani kinachotawala ni kichocho cha tumbo: tumbo kuuma na kujaa, kuhara, damu kwenye choo, na baadaye ini na bandama kuvimba.

Ukiangalia vizuri, mambo mawili ambayo mreteni unasifiwa kwayo, mkojo na tumbo kujaa, ndiyo yale yale ambayo kichocho hujifichia. Mvuvi au mama anayeosha dagaa huku maji yakimfika magotini akinywa chai mwezi mzima kwa sababu ya "gesi", minyoo inaendelea kutaga mayai.

Kwa hiyo kapime kwanza. Kwa kichocho cha mkojo, sampuli nzuri ni ile ya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi muda huo. Kwa kile cha tumbo, peleka choo. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula.

Nimepima, sina kichocho wala maambukizi. Naiandaaje?

Ponda tunda kavu kijiko kimoja cha chai, yaani gramu mbili hivi, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika kumi kisha chuja. Kufunika ni lazima, maana ile harufu inayopaa na mvuke ndiyo dawa yenyewe. Mwongozo wa Ujerumani wa dawa za mitishamba unaruhusu gramu 2 hadi 10 za tunda kwa siku, bila kuzidi wiki nne pasipo ushauri wa daktari. Kunywa na maji ya kutosha.

Nani asiguse?

Mjamzito, kabisa. Anayenyonyesha na mtoto pia. Mwenye ugonjwa wa figo. Mtu aliyevimba miguu kwa sababu ya moyo au figo asijitibu kwa kitu cha kuongeza mkojo, hata kiwe cha asili kiasi gani. Anayemeza vidonge vya kukojoa vya presha, dawa za kisukari au lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) azungumze kwanza na daktari wake, na amwambie jina la kitu chenyewe. "Mitishamba fulani" haimsaidii daktari.

Na yale mafuta ya kwenye chupa ndogo?

Hayanywewi. Kwa kuchua misuli, matone matatu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha, ukijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu itupe, kwa kuwa mafuta yaliyochakaa huwasha ngozi.

Si ndilo tunda la kwenye pombe ya jini? Basi glasi moja jioni...

Ni kweli, jini hupata harufu yake hapo. Ila anayetafuta dawa ya kibofu kwenye chupa ya jini anajua mwenyewe anachotafuta.

Naweza kuutia kwenye chakula?

Kwa kiasi cha kiungo hakuna shida kwa mtu mzima mwenye afya. Wazungu huuweka kwenye nyama ya porini na kabichi iliyochachushwa. Ukiwa na nyama ya mbuzi, twanga tunda nne au tano pamoja na vitunguu saumu na chumvi, paka, acha ikae saa mbili kabla ya kuchoma. Usizidishe, inakuwa chungu.